Kufundisha Uchumi kwa Njia ya Sanaa

(Hotuba iliyotolewa mjini Musoma mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi)

Kamati ya mkutano huu ilinitaka niseme juu ya elimu na maendeleo ya uchumi. Mada hiyo ni pana kama ziwa letu, na mtu akiingia humo na mtumbwi mdogo wa dakika arobaini hatafika ng'ambo. Kwa hiyo nimeomba nizungumzie jambo moja tu, nalo ni namna ya kumfundisha kijana misingi ya uchumi kwa kutumia sanaa. Ninaposema sanaa nina maana ya kuchora, kuigiza, kutunga mashairi, kuimba, kufinyanga na kuchonga.

Najua baadhi yenu mmeanza kutabasamu. Uchumi, mnasema, ni hesabu na takwimu. Sanaa ni burudani ya siku ya mahafali. Naomba mnivumilie kidogo, maana nakusudia kuonyesha kwamba hapa kwetu Mara vitu hivi viwili vimekaa pamoja muda mrefu, na kwamba kuvitenganisha kunawagharimu vijana wetu fedha taslimu.

Kwa nini jambo hili ni la haraka

Kijana akimaliza kidato cha nne, kabla hata matokeo hayajatoka, tayari yuko sokoni. Wengine wanakwenda mwaloni kununua dagaa, wengine wanarudi Bunda kulima pamba, wengine wanaendesha pikipiki za watu. Hapo ndipo anapokutana na mtu wa mikopo. Mikopo hiyo wananchi wenyewe wameipa jina, wanaiita kausha damu, na jina hilo halikutungwa na mchumi.

Tuseme kijana anapewa shilingi 100,000 na kuambiwa arudishe shilingi 10,000 kila siku kwa siku 13. Anajiuliza: je, elfu kumi kwa siku nitaipata? Anajibu: nitaipata. Anatia saini. Hajiulizi jumla ni kiasi gani. Jumla ni shilingi 130,000. Yaani kwa muda usiotimia hata wiki mbili ameongeza asilimia 30. Na kwa kweli ni zaidi ya hapo, kwa sababu fedha zile hakukaa nazo siku zote 13. Alianza kuzirudisha siku ya kwanza. Ukipiga hesabu ya fedha alizokuwa nazo mkononi kwa wastani, ni kama nusu tu ya zile alizokopa.

Kijana huyu alisoma hisabati, na asilimia anazijua. Mwulize asilimia 30 ya 100,000 naye atakujibu bila kalamu. Tatizo lake ni kwamba alifundishwa asilimia ubaoni, na mkopo aliukuta barabarani, wala hakuna mtu aliyemwonyesha kwamba vitu hivyo viwili ni kitu kimoja. Sasa mpe karatasi yenye miraba 13. Mwambie apake rangi nyekundu sehemu ya deni iliyobaki kila siku, na rangi ya kijani sehemu ya faida aliyopata kwa biashara yake siku hiyo. Akimaliza kupaka, hahitaji hotuba yangu. Anaona kwa macho yake kama kijani kinaweza kukimeza chekundu au la.

Hiyo, ndugu zangu, ndiyo maana ya kufundisha uchumi kwa sanaa. Kulipamba somo hakutoshi. Tunataka jambo lililojificha ndani ya maneno litolewe nje, liwekwe mahali ambapo kijana anaweza kulitazama, kulibishia na kulipima.

Tulikotoka

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, kulikuwa na kazi kubwa ya kuwaeleza wananchi mambo ambayo ni ya uchumi hasa: njia kuu za uzalishaji mali, ushirika, unyonyaji, kujitegemea. Wananchi wengi wakati huo hawakujua kusoma. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere alikutana na washairi akawaomba wasaidie kulieneza Azimio. Ndipo marehemu Mathias Mnyampala alipoifanya ngonjera kuwa chombo cha elimu, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vikasomwa shuleni nchi nzima. Watoto walisimama wawili wawili mbele ya wazazi, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, na kijiji kizima kikasikiliza habari za uchumi wa taifa kwa vina na mizani.

Mwezi Novemba 1974, hapa hapa Musoma, Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Hivyo mji wetu una jina lake katika historia ya elimu ya Tanzania, na si vibaya tukajiuliza tumelifanyia nini jina hilo.

Lakini ni lazima tuseme ukweli juu ya upungufu wa ngonjera. Mpangilio wake ni huu: mmoja hajui, mwingine anajua, wanajibizana, mwisho yule asiyejua anakubali. Ni mpangilio mzuri kwa kueneza tangazo, ila kwa kujenga fikra hautoshi, kwa sababu mwisho wake unajulikana kabla ya beti la kwanza. Mtoto aliweza kukariri ubaya wa unyonyaji kwa beti kumi na mbili, na kesho yake akapunjwa kwenye mizani ya duka bila kutambua. Mwalimu mwenyewe, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka elimu imjengee kijana akili ya kuuliza. Na mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka kumi, aliandika tathmini akataja yaliyofanikiwa na yaliyoshindikana bila kuficha. Mtu wa namna hiyo hakutaka tukariri.

Baadaye wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walijaribu njia nyingine. Katika miaka ya 1982 na 1983 walikwenda kijiji cha Malya, Mkoa wa Mwanza, jirani zetu hawa. Kule hawakupeleka mchezo ulioandikwa tayari. Walikaa na wanakijiji, wakachunguza nao matatizo yao, wakatunga nao maigizo, na baada ya onyesho watu wakajadiliana. Tofauti yake na ngonjera ni kubwa. Katika ngonjera jibu linaletwa. Katika njia ya Malya linatafutwa. Mimi naitaka shule yetu ifuate njia hii ya pili.

Sasa nitatoa mifano. Nimechagua mifano ambayo mwalimu anaweza kuitumia Jumatatu ijayo, kwa vifaa vilivyopo.

Shamba juu ya karatasi

Somo la kwanza la uchumi ni uhaba. Mahitaji ni mengi, mali ni chache, kwa hiyo hatuna budi kuchagua. Na kila tunapochagua kuna kitu tunakiacha. Wachumi wanasema kwamba gharama ya kitu ni kile ulichokiacha ili ukipate. Maneno haya ni mafupi, lakini vijana wengi huyaandika daftarini bila kuyaelewa.

Mpe kila mwanafunzi karatasi moja tu, na umwambie kwamba hiyo ni ekari moja ya baba yake kule Bunda. Achore humo mazao yote ambayo familia inayahitaji: pamba ya kupata fedha, mahindi na mihogo ya chakula, nyasi za ng'ombe, na mahali pa kujenga. Marufuku kuomba karatasi nyingine. Dakika tano hazipiti utasikia malalamiko: "Mwalimu, nafasi haitoshi!" Hapo ndipo somo linapoanza. Aliyechora pamba karatasi nzima, mwulize: bei ya pamba ikianguka, watoto watakula nini? Aliyechora mihogo karatasi nzima, mwulize: ada na sare utalipa kwa muhogo? Kila mmoja aandike nyuma ya picha yake kile alichokiacha. Picha zikibandikwa ukutani, darasa linaona majibu arobaini ya swali moja, na linagundua kwamba aliyechagua vizuri ni yule anayejua alichokiacha na kwa sababu gani.

Wazee wetu walikuwa na mchezo wa namna hii. Inasimuliwa kwamba Mwalimu alipokuwa mtoto alicheza bao, lile linaloitwa soro huku kwetu, na kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu aliiona akili yake katika mchezo huo akashauri apelekwe shule. Mwaka 1934 alianza masomo pale Mwisenge. Nanyi mnajua bao lilivyo: kete zina idadi, na ukizipeleka huku umezinyima kule.

Mwezi na bei ya dagaa

Somo la pili ni bei. Vitabu vinaeleza mahitaji na ugavi kwa mistari miwili inayokatana. Kijana wa Musoma hahitaji kuanzia hapo, maana ana mwalimu mwingine juu angani.

Dagaa wa ziwa letu wanavuliwa usiku kwa taa. Katika siku za giza dagaa wanaifuata taa na mitumbwi inajaa. Mbalamwezi ikikomaa, taa haina nguvu tena, na mitumbwi mingi inapumzika. Basi mwalimu awape wanafunzi kazi ya mwezi mzima. Kila wiki waende mwaloni na sokoni, waulize bei ya ndoo moja ya dagaa, na wachore picha moja: mwezi ulivyo, mitumbwi mingapi imetoka, na bei iliyotajwa. Baada ya wiki nne watakuwa na picha nne. Wakizipanga kwa safu na kuunganisha bei kwa mstari wa rangi, wamechora ule mchoro wa kitabuni kwa mikono yao wenyewe, na hakuna atakayeusahau.

Kisha waongeze mvua. Dagaa wanaanikwa juani. Mvua ikinyesha hawakauki vizuri, wanaharibika, na wanauzwa kwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku. Siku hiyo hiyo dagaa wazuri wanapanda bei. Kwa nini dagaa hao hao, wa ziwa hilo hilo, wameshuka na kupanda kwa wakati mmoja? Waacheni vijana wabishane. Na hapo mwigizaji mmoja aingie akiwa mfanyabiashara aliyenunua magunia siku za giza akayahifadhi mpaka siku za mbalamwezi. Je, mtu huyu ni mwenye akiba aliyewasaidia walaji, au ni mlanguzi? Nchi yetu ilipita katika msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983, na wazee waliomo humu wanakumbuka neno mlanguzi lilivyokuwa zito. Vijana wasipewe jibu mapema. Wapige hesabu ya gharama za ghala, za magunia yaliyooza na za usafiri, ndipo waseme.

Mizani

Mfano wa tatu ni wa pamba, na una damu ya historia yetu. Kabla ya uhuru, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walilalamika sana kwamba wanunuzi wanawapunja kwenye mizani. Kutokana na malalamiko hayo vyama vya wakulima vilianzishwa, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Cooperative Unions chini ya uongozi wa Paul Bomani, kijana aliyezaliwa huku kwetu Mara, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Ushirika huo ulikua ukawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Ulianza kwa watu waliokataa mizani isiyo ya haki.

Wanafunzi waigize. Mkulima analeta kilo 50. Mizani inasoma 46. Tuseme bei ni shilingi 1,200 kwa kilo. Amepoteza shilingi 4,800. Hapo mchezo usimamishwe, na watazamaji waulizwe: afanye nini? Mmoja atasema agombane na mnunuzi. Mwingine atasema apeleke kwa mnunuzi mwingine, kisha atajibiwa kwamba mnunuzi mwingine yuko mbali na nauli ni kubwa. Mwingine atasema anunue mizani yake, na atajibiwa kwamba mizani ni ghali kuliko hasara yenyewe. Na ni kweli: kwa mtu mmoja, ni ghali. Lakini wakulima wakiwa 100, hasara yao ni shilingi 480,000 kwa siku moja ya soko. Wakichanga shilingi 500 kila mmoja wanapata 50,000 za kumlipa mpimaji wao wenyewe asimame pale. Kijana akilifikia jambo hili kwa akili yake jukwaani, ameelewa maana ya ushirika kuliko aliyeimba sifa zake mwaka mzima.

Wala mchezo usiishie hapo. Sehemu ya pili, yule mpimaji wa wakulima naye aanze kula njama na mnunuzi. Nani atampima mpimaji? Wazee wetu wanajua kwamba swali hili si la kubuni. Vyama vyetu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na vingine vilivyorudi vililemewa na madeni na uongozi mbovu. Kijana anayefundishwa nusu ya kwanza tu ya mchezo huu amedanganywa kwa nusu.

Na kutoka kwenye mizani, pamba iendelee na safari. Wachore ukutani mnyororo wake: kilo tatu za pamba mbegu zinaingia kiwandani, inatoka takribani kilo moja ya pamba nyuzi, mbegu zinakamuliwa mafuta, makapi yanakuwa mashudu ya ng'ombe, nyuzi zinasokotwa, zinafumwa, zinapigwa chapa, zinakuwa khanga. Chini ya kila picha waandike ni nani anayefanya kazi hiyo, na yuko nchi gani. Wazee wa mji huu wanakikumbuka kiwanda cha nguo cha Mutex kilipokuwa kikinguruma hapa Musoma, na pamba ya Bunda ikifanyiwa kazi na vijana wa hapa. Mwanafunzi akichora mnyororo huo na kuona ni picha ngapi ziko ndani ya mkoa wake na ngapi ziko nje, ameshajua thamani inaongezwa wapi na nani anaondoka nayo.

Picha iliyo mfukoni

Kila mmoja wetu ana kazi ya sanaa mfukoni sasa hivi. Noti ya shilingi 1,000 ina sura ya Mwalimu. Ya 2,000 ina simba, ya 5,000 ina kifaru, ya 10,000 ina tembo. Benki Kuu yetu ilipofunguliwa mwaka 1966 na kutoa fedha zetu wenyewe, sarafu ya shilingi ilikuwa na mwenge, ya senti 50 ilikuwa na sungura, ya senti 20 mbuni, na ya senti 5 samaki. Mwulize mwanafunzi: karatasi hii imechorwa tembo, na hii imechorwa simba, kwa nini ya tembo inanunua unga mwingi zaidi? Atajibu kwamba imeandikwa hivyo. Nami nikiandika 50,000 kwenye karatasi yangu, je?

Basi darasa lichore noti zake. Ziwe 20, za shilingi moja moja, zigawanywe, kisha mikate kumi inadiwe. Bei itatulia karibu na shilingi mbili kwa mkate. Halafu mwalimu aagize noti zichorwe nyingine 20, nzuri kuliko za kwanza, na mikate ibaki kumi ile ile. Wanafunzi watafurahi kwamba wametajirika, mpaka mnada uanze. Kijana aliyepitia mnada huo hatamwamini mtu yeyote atakayemwambia kwamba nchi maskini ichapishe tu fedha ikatajirike. Mumwulize hasa yule aliyeweka akiba noti zake za mwanzo kwa nidhamu, akisubiri: amepoteza nini, na amepotezewa na nani?

Shakespeare na mkopo

Mfano wa mwisho unatoka Butiama. Mwaka 1969, Mwalimu akiwa Rais wa nchi na kazi zake zote zile, ulichapishwa mchezo wa Shakespeare alioufasiri kwa Kiswahili kwa jina la Mabepari wa Venisi. Mwalimu alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, na uchumi ulikuwa miongoni mwa masomo yake. Naamini aliuona mchezo ule kwa macho mawili, la mshairi na la mchumi.

Tazameni yaliyomo. Bassanio anataka fedha za kwenda kumposa Portia. Rafiki yake Antonio ni tajiri, lakini mali yake yote iko baharini. Hana fedha mkononi. Hapo kuna somo zima: kuwa na mali na kuwa na fedha taslimu ni mambo mawili. Wanakopa dukati 3,000 kwa Shylock kwa miezi mitatu. Antonio anatia saini kwa ajili ya rafiki, na dhamana ni ratli moja ya nyama ya mwili wake. Hana wasiwasi, kwa maana hakuweka shehena zake zote katika jahazi moja. Baadaye habari zinakuja kwamba vyombo vyote vimepotea. Hapo kuna hatari, kuna dhamana, kuna mdhamini, kuna mkataba na mahakama.

Mwalimu wa darasa awaeleze wanafunzi pia juu ya chuki iliyokuwako Ulaya dhidi ya Wayahudi, ili wauchambue mkataba na wasiichambue dini ya mtu. Kisha awaulize: jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja, mbona Mwalimu amesema mabepari, tena wengi? Ni nani hao? Ni anayekopesha kwa riba tu, au ni pamoja na mwenye majahazi? Hili ni swali la mtihani wa fasihi na la mtihani wa uchumi kwa pamoja. Na baada ya hapo wauigize upya, mahali pawe Musoma, majahazi yawe mitumbwi ya dagaa, na Antonio awe shangazi aliyemdhamini mpwa wake kwa kuweka rehani kiwanja cha familia. Wangapi kati yetu tuliomo humu tumewahi kuombwa kumdhamini ndugu, tukatia saini kwa kuona haya? Afadhali kijana aone haya jukwaani kwanza.

Kutoka hapa mpaka Butiama ni safari ya chini ya kilomita hamsini. Shule ina sababu ya kuwapeleka vijana Mwitongo kila mwaka, wakaone makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999, wakafanyie onyesho lao huko.

Tufanye nini

Ndugu Mwenyekiti, nitajibu upesi hoja mbili ninazozitarajia. Ya kwanza ni ya mitihani: muda hautoshi. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeipa elimu ya biashara na stadi za kazi nafasi kubwa kuliko zamani. Kwa hiyo mambo haya yameshaingia ndani ya vipindi, na kilichobaki ni kuamua yafundishwe kwa kukariri au kwa kutenda. Ya pili ni ya gharama. Mkaa upo, udongo wa mfinyanzi upo, magunia yapo, na ukuta wa nyuma ya bwalo umekaa mtupu miaka nenda rudi.

Kwa wanafunzi wa zamani wenzangu nina maombi matatu. La kwanza, katika mchango wetu wa mwaka huu, kabla hatujaamua kujenga lango jipya lenye majina yetu, tufanye lile zoezi la karatasi moja: tuandike nyuma ya picha ya lango kile tunachokiacha. Mimi ningependa sehemu ya fedha hizo inunue rangi, manila na vitabu vya michezo ya kuigiza. La pili, wale kati yetu walio benki, walio kwenye ushirika, wauza samaki na wakulima, tuje shuleni mara moja kwa muhula. Wala tusije kuhutubia kama ninavyofanya mimi leo, tuje kuulizwa maswali na kuigiziwa kazi zetu mbele ya macho yetu. La tatu, gazeti letu hili litenge kurasa mbili kila toleo kwa michoro ya wanafunzi ya bei za soko la Musoma. Miaka kumi ikipita tutakuwa na kumbukumbu ya thamani.

Kwenu wadogo zetu, ombi langu ni moja. Msisubiri rangi zinunuliwe. Jumamosi hii nendeni mwaloni na daftari, muulize bei, mtazame na mwezi. Na siku mtu atakapokuletea karatasi ya kutia saini, mwombe akupe dakika tano, geuza ile karatasi, na uchore miraba.